Breki Nzima Kwanza, Breki Kubwa Baadaye

Juma lililopita alifika hapa Singida Mjini kijana wa kaka yangu, mzaliwa wa Unguja, akiendesha gari aina ya Subaru Impreza alilolinunua likiwa limekwisha tumika. Safari yake ni ya kwenda Mwanza pamoja na mkewe na watoto wawili. Baada ya maamkizi alinitaka shauri. "Ami," alisema, "fundi ameniambia niziondoe breki za gari hili, nifunge zile kubwa za Impreza STI. Waonaje?" Fedha alizotajiwa zingetosha kununua ng'ombe wanne.

Huenda msomaji akaona kuwa jambo hilo ni la gereji, wala si la ukurasa huu. Hatukubaliani naye. Tarehe 24 Februari, 2024, pale Ngaramtoni, Arusha, lori liliyagonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Taarifa za mwanzo zilitaja kufeli kwa breki. Breki za gari la mtu mmoja ni amana ya watu wote anaopishana nao njiani.

Na njia yenyewe ya kijana huyu si ya mchezo. Atokaye Singida kwenda Nzega hupita Iguguno na Misigiri, kisha huteremka Mlima Sekenke hadi mbuga ya Wembere. Sekenke ni palepale palipotoka dhahabu ya sarafu ambazo Wajerumani walizipiga Tabora mwaka 1916; lakini dereva wa leo hana nafasi ya kuiwaza dhahabu. Miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe niliteremka mlima huo katika gari ambalo dereva wake aliikanyaga breki tangu kileleni bila kupunguza gia. Tulisikia kwanza harufu ya kuungua. Kisha kanyagio likazama mpaka sakafuni kana kwamba chini yake hapakuwa na kitu. Tuliokolewa na gia ndogo na tuta la mchanga lililokuwa kando ya barabara. Mafuta ya breki yalipofunguliwa siku ya pili yalikuwa meusi kama kahawa.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri letu. Kazi ya breki ni kuugeuza mwendo kuwa joto. Gari likitoka mwendo wa kilometa 80 kwa saa likafikia 120, mzigo wa joto hauongezeki kwa nusu, bali huzidi maradufu. Diski kubwa hulimeza joto hilo vizuri zaidi, na kwa mtu wa mashindano zina faida ya kweli. Lakini katika kusimama mara moja kwa ghafla, kinacholishika gari ni tairi juu ya lami. Ikiwa breki alizonazo mtu zaweza kulifunga gurudumu, kubwa zaidi hazitamfupishia sana masafa ya kusimama wakati matairi yake yamekwisha kuwa vipara.

Mafuta ya breki nayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishashika maji ya kutosha huweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hukandamizika, ndipo kanyagio linapozama. Mtu akifunga diski za fahari juu ya mafuta yaliyochakaa, fahari hiyo haitamfaa kitu siku atakapoihitaji.

Tena breki za STI hazienei ndani ya ringi za inchi 15 au 16; zadai ringi za 17, na matairi yake. Na zikifungwa za mbele peke yake, uwiano kati ya mbele na nyuma huharibika. Vijana wetu wamevutwa na ushindi wa Colin McRae mwaka 1997 na wa Richard Burns mwaka 2000 katika Safari Rally, wote wakiwa na Impreza. Wanasahau kuwa magari yale yalikuwa na mafundi waliyoyakagua kila yaliposimama.

Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba tuna neno la ziada. Hewa ya chumvi hula vyuma. Gari lililokaa miaka kadhaa karibu na pwani laweza kung'aa bodi, huku bomba nyembamba za breki zilizo chini ya sakafu zikiwa zimeliwa na kutu. Katika njia tambarare za Unguja kasoro hiyo yaweza kujificha muda mrefu, kwa kuwa ni mara chache breki hutakiwa kutoa nguvu zake zote. Gari hilo likivushwa Bara na kupandishwa milimani, bomba hupasuka pale ambapo hapana pa kukimbilia.

Viongozi wenye dhamana nao hawana budi kujiuliza. Stika ya kiooni haimwambii mtu nguvu ya breki za gurudumu la kushoto la nyuma. Hilo huelezwa na mashine ya kupimia, na kila mkoa unastahili kuwa nayo, ikatumika mwaka mzima badala ya kungoja Wiki ya Nenda kwa Usalama. Shirika la Viwango Tanzania na Taasisi ya Viwango Zanzibar hazina budi kushirikiana kuzikamata pedi za bandia, kwani mfanyabiashara wa pedi hizo hajali kama zinauzwa Darajani au Singida.

Kijana wetu alipandisha gari gereji. Imebadilishwa mipira miwili iliyopasuka, bomba moja lenye kutu, pedi zote, mafuta ya breki na matairi manne. Gharama haikufika thamani ya ng'ombe wawili. Breki za STI ameziacha dukani. Ataondoka Jumamosi alfajiri, na ameniahidi kuwa atatia gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka Sekenke.