Mtoto Asiyetambaa Havunjiki Paja Hivi Hivi

Mfupa uliovunjika hautaji jina la mtu. Unachoweza kuonyesha ni kama maelezo tunayopewa yanalingana na umri wa mtoto na namna alivyoumia. Yapo madai yanayotuzuia kuupima ulinganifu huo, na wanaoumia zaidi ni watoto wasioweza kusema.

"Watoto huanguka, ndio utoto." Huanguka anayejigeuza, anayetambaa au anayetembea. Kuanguka kitandani kwaweza kutia ufa fuvu au kuvunja mtulinga, ingawa mara nyingi hakuvunji kitu. Kichanga wa miezi miwili akivunjika paja, "aliamka tu analia" si maelezo.

"Hana hata alama, basi hajaumizwa." Mtoto anaweza kuvunjika mfupa bila ngozi kuvilia damu. Kifua cha kichanga kikibanwa kwa nguvu kati ya viganja viwili, mbavu hukatika nyuma, karibu na uti wa mgongo, na ngozi ikabaki safi.

"Mbavu zilivunjika alipokandamizwa kifua kuokolewa." Kwa vichanga hilo ni nadra, na likitokea mbavu huvunjika zaidi upande wa mbele. Za nyuma zinadai maelezo mengine.

"Mvunjiko wa mzunguko ni lazima mguu ulisokotwa na mtu." Hapa anaweza kuonewa mzazi. Mtoto anayejifunza kutembea akiteleza, mguu ukajipinda, muundi waweza kuvunjika hivyo hivyo bila mkosaji.

"Eksirei haikuonyesha kitu." Ufa mpya wa ubavu mara nyingi hauonekani. Baada ya wiki mbili hivi mfupa mpya huota juu yake, ndipo picha huufichua. Kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka 2 anayeshukiwa kuumizwa hupigwa picha za mifupa yote, kisha hurudiwa. Funzo hili si jipya: mwaka 1946 daktari John Caffey wa Marekani aliandika kuhusu vichanga 6 waliovilia damu kichwani na kuvunjika mifupa mirefu, bila ajali yoyote inayojulikana ya kueleza majeraha hayo.

"Kuuliza ni kumtuhumu mzazi." Kuuliza humlinda pia asiye na hatia, kwa kuwa uchunguzi unaweza kugundua matege au maradhi ya kurithi yanayofanya mifupa ivunjike upesi. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuumizwa azifikishe kwa serikali ya mtaa. Simu 116 ya kutolea taarifa za watoto nayo ipo. Tuulize kabla mtoto hajaruhusiwa kurudi nyumbani, maana jeraha litakalofuata laweza kuwa la ubongo.