Tiba ya nyongo na kongosho kwa watoto: Mashine pekee haitoshi

Na Mwandishi Wetu

MACHO ya mtoto yanapogeuka kuwa ya njano, wazazi wengi mijini huanza safari ndefu. Hupita duka la dawa, zahanati na maabara, na pengine kwa mganga wa tiba asilia, kabla ya kumfikia daktari bingwa.

Mara nyingi chanzo huwa ni malaria, homa ya ini au kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Lakini kwa watoto wachache tatizo ni kizuizi. Mrija unaopeleka nyongo kutoka kwenye ini hadi kwenye utumbo mwembamba umeziba, na hakuna kidonge kinachoweza kuuzibua kwa haraka inayohitajika.

Kwa watoto wa aina hiyo ipo tiba isiyohitaji kupasua tumbo, ijulikanayo kwa kifupisho cha ERCP. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, kisha daktari hupitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, mahali ambapo mrija wa nyongo na ule wa kongosho hufungukia. Kamera ya mpira huo hutazama upande, tofauti na mipira ya kawaida inayotazama mbele.

Kupitia tundu hilo dogo, daktari huingiza dawa inayoonekana kwenye picha ya eksirei. Akikuta jiwe, huongeza upana wa mlango wa mrija na kulivuta. Akikuta mrija umebana, huweka kijibomba cha plastiki ili nyongo ipite.

Tiba hii si ngeni duniani. Majaribio ya kwanza kwa binadamu yaliripotiwa Marekani mwaka 1968, na mwaka 1974 madaktari wa Ujerumani na Japan walieleza namna ya kukata mlango wa mrija ili mawe yatoke. Mwaka 1976 iliripotiwa kuwa imefanyika kwa mtoto mchanga.

Swali linaloikabili nchi kama Tanzania, kwa hiyo, si kama tiba hiyo inawezekana kwa watoto. Swali ni mtoto yupi aipate, nani aifanye, na wapi.

Selimundu yaongeza uzito wa swali

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi wa selimundu duniani, na inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka. Chembe zao za damu huvunjika mapema, na mabaki yake huishia kwenye nyongo. Kadiri mtoto anavyokua, mabaki hayo huweza kuganda na kuwa mawe.

Hapo ndipo penye mtego. Mtoto mwenye selimundu huwa na macho ya njano mara kwa mara, kiasi kwamba familia, na hata baadhi ya wahudumu wa afya, huzoea hali hiyo. Jiwe linapotoka kwenye mfuko wa nyongo na kukwama kwenye mrija, unjano unaoongezeka huonekana kama jambo la kila siku.

Dalili zinazopaswa kuwashtua wazazi ni maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia, homa, kutapika, kuwashwa mwili na choo kupauka. Nyongo iliyotuama huweza kuingiwa na bakteria, na maambukizi hayo yakifika kwenye damu mtoto huweza kupoteza maisha katika muda mfupi. Jiwe hilo hilo likiziba njia ya kongosho, kongosho huvimba.

Kipimo cha ultrasaundi, ambacho kinapatikana katika hospitali nyingi za mijini, huweza kuonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo na mrija uliotanuka. Hatua ya kwanza ya kumwokoa mtoto, kwa hiyo, haihitaji mashine ya gharama kubwa. Inahitaji mtu wa kushuku mapema.

Kutoka kuchungulia hadi kutibu

Katika miongo yake ya kwanza, ERCP ilitumika sana kuchunguza. Hali ilibadilika kuanzia miaka ya 1990, mashine za MRI zilipoanza kupiga picha za mirija hiyo bila kuingiza chochote mwilini. Mwongozo wa vyama vya kitaalamu vya Ulaya uliotolewa mwaka 2017 unataka tiba hii kwa watoto itumike hasa kutibu, na kwa uchunguzi pale tu njia nyingine zinaposhindwa.

Sababu ya tahadhari hiyo ni madhara yake. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba takriban watoto sita kati ya 100 hupata matatizo baada ya tiba hii, na linaloongoza ni kuvimba kwa kongosho. Kutokwa na damu, maambukizi na kutoboka kwa utumbo hutokea mara chache zaidi.

Kwa mtoto mwenye jiwe lililokwama, hatari hiyo ni ndogo ikilinganishwa na kumwacha bila tiba. Kwa mtoto anayelalamika tumbo tu, bila ushahidi wa kizuizi, hesabu hugeuka.

Aidha, si kila mrija ulioziba hutibiwa kwa njia hii. Mtoto mchanga ambaye mirija yake ya nyongo imeharibika na kuziba anahitaji upasuaji ulioasisiwa na daktari Morio Kasai wa Japan katika miaka ya 1950, na matokeo huwa bora unapofanyika kabla ya siku 60 za maisha. Mzazi wa kichanga ambaye bado ana unjano baada ya wiki mbili na choo chake kimepauka hapaswi kusubiri. Vilevile, mtoto ambaye mrija wake umevimba kama puto tangu kuzaliwa huhitaji upasuaji wa kuuondoa.

Hata mtoto mwenye selimundu aliyetolewa jiwe kwa kawaida hushauriwa kuondolewa mfuko wa nyongo baadaye, kwa sababu kiwanda cha mawe bado kipo.

Kwa upande wa kongosho, tiba hii huwasaidia baadhi ya watoto wanaougua mara kwa mara kutokana na hitilafu za kurithi zinazosababisha mrija kubana au kujaa mawe. Wengine ni walioumia tumbo, mfano ukiwa mtoto aliyeanguka na kujigonga kwenye usukani wa baiskeli, hadi mrija wa kongosho ukachanika.

Mikono ndiyo adimu

Kwa watoto wengi wenye uzito unaozidi kilo 10, mpira wa watu wazima unaweza kutumika. Walio chini ya hapo huhitaji mpira wa milimita 7.5, ambao hospitali nyingi hazina sababu ya kuununua kwa wagonjwa wachache kwa mwaka.

Hata hivyo, kigumu zaidi kupata ni mtaalamu. Miongozo ya Marekani inataka daktari afanye takriban ERCP 200 akiwa mafunzoni kabla ya umahiri wake kupimwa. Kwa watoto pekee, hesabu hiyo haifikiki kwa urahisi popote, na ndiyo maana hata katika nchi tajiri kazi hii hufanywa mara nyingi na bingwa wa watu wazima akiwa pamoja na bingwa wa watoto. Pembeni yao lazima awepo mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto, kwani mwenye selimundu akipungukiwa maji, joto au oksijeni huweza kupata shambulio la ugonjwa wake.

Usafi wa vifaa nao ni sehemu ya tiba. Mwaka 2015 bakteria sugu walisambaa kwa wagonjwa katika hospitali za Marekani kupitia mipira hiyo, ingawa ilikuwa imesafishwa. Kama hali hiyo iligharimu maisha huko, hospitali yenye mpira mmoja na foleni ndefu haina budi kujiuliza maswali magumu.

Yote hayo yanaelekea kwenye hitimisho moja. Kugawa mashine kila mkoa kutapendeza kwenye hafla za uzinduzi, lakini kutawatawanya wagonjwa wachache kwa madaktari wengi wasiopata mazoezi ya kutosha. Kuwakusanya watoto hao katika vituo vichache, vyenye timu inayofanya kazi hiyo kila wiki, kutaokoa wengi zaidi.

Lakini vituo vichache vitakuwa na maana tu endapo rufaa itatoka zahanati mapema na nauli na matibabu havitaibebesha familia mzigo isioweza kuumudu. Bila hayo, mtoto mwenye macho ya njano ataendelea kufika akiwa amechelewa, hata mashine ikiwa mpya.