MRI Yaongeza Uhakika Pale Kipimo cha Tezi Dume Kinaporudiwa

Mwanaume wa Chidya, wilayani Masasi, akielezwa kuwa kinyama kilichochukuliwa kwenye tezi dume hakikuonesha saratani, hurejea katika mikorosho yake akiwa na matumaini. Kipimo cha damu cha PSA kikiendelea kupanda, huitwa tena hospitalini. Anayo haki ya kuuliza kwa nini agharamie safari nyingine ya takriban kilomita 200 hadi Mtwara.

Jibu limo katika namna kipimo kinavyofanyika. Kwa utaratibu uliozoeleka, daktari huongozwa na ultrasaundi na kuchukua vinyama 10 hadi 12 katika maeneo yaliyopangwa. Ultrasaundi huonesha umbo la tezi, lakini mara nyingi haiutofautishi uvimbe wa saratani na nyama nyingine. Sindano inaweza kupita kando ya uvimbe, hasa ulio sehemu ya mbele. Hivyo, majibu hayo yanahusu vinyama vilivyochukuliwa, si tezi nzima.

MRI, inayotumia sumaku na mawimbi ya redio pasipo mionzi, huonesha sehemu zinazotiliwa shaka, nazo hupewa alama 1 hadi 5. Sindano huelekezwa huko kwa daktari kulinganisha picha, au kwa programu inayounganisha picha za MRI na za ultrasaundi. Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, ulihusisha wanaume 576 ambao hawakuwahi kuchukuliwa kinyama. MRI ilibaini asilimia 93 ya saratani hatarishi, ikilinganishwa na asilimia 48 kwa njia ya ultrasaundi. Takwimu hizo zinaonesha kwa nini kurudia kipimo bila picha kunaweza kurudia kosa lilelile.

Hata hivyo, MRI haichukui nafasi ya kinyama, kwani uthibitisho wa saratani hutolewa na maabara. Aidha, PSA huweza kupanda kutokana na maambukizi au kukua kwa tezi kusiko saratani. Si kila mwenye PSA ya juu atahitaji sindano.

Kuzinduliwa kwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini mkoani Mtwara, Septemba 2023, kulisogeza huduma za kibingwa karibu na wananchi. Manufaa ya kipimo hiki, hata hivyo, hayatokani na mashine pekee. Yanahitaji mtaalamu wa kusoma picha, bingwa wa mfumo wa mkojo na maabara, pamoja na uwezo wa mgonjwa kumudu gharama, jambo linalolengwa na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023.

Mwananchi aliyepewa tarehe ya kurudi anashauriwa kuizingatia, kubeba majibu yote ya awali, kumuuliza daktari iwapo MRI inafaa kabla ya kinyama kurudiwa, na kueleza mapema kama ana chuma au kifaa chochote mwilini.