Nani Mwenye Kauli ya Mwisho Kuhusu Jina la Mtu?

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Jina la mtu na tarehe za maisha yake ni mali ya jamii, na daftari linalofunguliwa na wengi siku hizi ni kamusi elezo ya mtandaoni. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka wa 2003, humruhusu yeyote kuandika na kusahihisha. Uhuru huo ndio nguvu yake. Ndio pia chimbuko la mivutano kuhusu nani anaitwaje, alizaliwa wapi na alifariki lini. Msimamo wa makala hii ni kuwa mivutano hiyo iamuliwe kwa ushahidi ulioandikwa, si kwa mazoea wala kwa wingi wa sauti, na kuwa wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kuuandaa ushahidi huo.

Chukua mfano wa Mundika, kilomita chache kabla ya kufika mpakani Busia. Anayeandika wasifu wa mhenga wa huko huona ni jambo la wazi kusema kuwa alizaliwa Kenya. Iwapo alizaliwa kabla ya Aprili 1902, kauli hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, hadi wakati huo eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Himaya ya Uganda, kabla ya kuhamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Pili, himaya hiyo nayo haikupewa jina la Kenya hadi mwaka wa 1920. Mtu hakusogea hata hatua moja. Mpaka ndio uliosogea.

Mpaka huo ulipita katikati ya jamaa pia. Moody Awori, aliyekuwa mbunge wa Funyula, aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka wa 2003. Ndugu yake, Aggrey Awori, aligombea urais wa Uganda mwaka wa 2001, akawa waziri nchini humo kuanzia 2009 hadi 2011. Mhariri anayejua kuwa Awori mmoja ni Mkenya anaweza kudhani ameona kosa katika wasifu wa mwingine, akalifuta kwa nia njema, na kwa kufanya hivyo akaupotosha ukweli. Jina la ukoo si cheti cha uraia.

Majina yenyewe nayo yana matatizo yake. Huko Malaba, ambako Wateso ni wengi, sauti ambayo Kiswahili huiandika kwa ng' huandikwa bila ritifaa. Gavana wa kwanza wa Kaunti ya Busia, aliyehudumu kuanzia 2013 hadi 2022, ni Sospeter Ojaamong. Mwandishi wa Kiswahili hushawishika kuongeza ritifaa mwishoni. Asifanye hivyo. Jina la mtu halisahihishwi kama imla. Huandikwa jinsi mwenyewe anavyoliandika, na matamshi yake yakaelezwa ndani ya makala.

Katika fasihi, Ken Walibora, mwandishi wa riwaya ya Siku Njema, alitumia pia jina la Waliaula katika maandishi ya kitaaluma. Mwanafunzi wa Kiswahili hatakosa kuona kuwa aula na bora ni visawe. Msomaji asiyejua lugha anaweza kuwadhania kuwa watu wawili. Walibora alifariki tarehe 10 Aprili 2020 baada ya kugongwa na gari jijini Nairobi, lakini habari za kifo chake zilienea tarehe 15. Anayetegemea tarehe ya gazeti peke yake ataandika siku ya tangazo kana kwamba ndiyo siku ya mauti.

Wapo wanaodai kuwa njia nyepesi ni kufuata Wikipedia ya Kiingereza. Hoja hiyo haina mashiko. Kamusi hiyo nayo huandikwa na watu wa kujitolea, na makosa yake yakitafsiriwa hayageuki kuwa ukweli. Wengine hudai kuwa mtu awe na jina moja tu ili utaratibu udumu. Makala huhitaji kichwa kimoja, naam, lakini majina mengine yanaweza kutajwa katika sentensi ya kwanza, na msomaji anayeyatafuta akaelekezwa kwenye makala hiyo hiyo. Vyanzo vinapokinzana kuhusu tarehe, zitajwe zote pamoja na vyanzo vyake.

Linabaki gumu moja. Kamusi elezo hukubali chanzo kilichochapishwa, ilhali mengi kuhusu manju, watambaji na walimu wa zamani wa Mundika yamo vichwani mwa wazee. Mzee akifariki, chanzo kimezikwa. Wanafunzi wa shahada za uzamili huenda nyanjani kila mwaka kukusanya fasihi simulizi, wakarudi na nyimbo na ngano, huku msimulizi akibaki kuwa "mhojiwa wa tatu". Iwapo msimulizi ameridhia kutajwa, tasnifu iandike jina lake kamili kwa tahajia yake mwenyewe, mahali alipozaliwa kwa jina la wakati huo na la sasa, na msingi wa tarehe iliyotolewa: ni cheti cha ubatizo, kitambulisho, au ni makadirio? Kisha wasifu huo uchapishwe katika majarida ya vyama na idara za Kiswahili, ambako kamusi elezo itaweza kuunukuu.

Wahadhiri wanaosimamia tasnifu wana uwezo wa kulidai hilo kuanzia muhula ujao. Ni ukurasa mmoja tu wa ziada katika kila tasnifu. Bila ukurasa huo, msanii wa Mundika atakosa jina katika daftari la lugha yake mwenyewe, au ataandikiwa jina na mtu asiyewahi kumwona.