Kishindo cha Swichi Kina Dawa

Mwandishi aliyewaonya wapiga benga wa Kisumu wasijiundie pedali za gita, eti hulipuka "pa!" zikikanyagwa, ana haki moja tu: katika benga gita la solo hushika zamu mwimbaji anaponyamaza, na kelele hiyo huaibisha. Mengine ni chuki kwa mafundi. Umeme huvuja polepole kupitia kapasita, hujikusanya pedali ikiwa imezimwa, kisha humwagika ghafla swichi inapobonyezwa. Rezista ya megaomu 1 ilehemiwe kati ya njia ya kuingilia sauti na ardhi, nyingine penye kutokea. Hata pedali za dukani hulipuka zikikosa rezista hizo. Bado inalia? Kagua taa yake, nayo hufyonza umeme kwa pupa inapowaka.