Asiyeandikwa hana fungu la dawa

Tuseme wazi: ripoti ya hospitali inayochelewa inaua watu. Wengi wanadhani rejista ni mambo ya makaratasi tu. Sivyo. Dawa, seramu na chanjo zinagawanywa kwa kufuata hesabu.

Tukumbuke Mangina, hapa kwetu Beni. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba vifo vya kutiliwa mashaka vilikuwa vimeanza tangu mwezi wa tano. Ugonjwa ulipokwisha, Juni 2020, watu zaidi ya 2 280 walikuwa wamekufa. Hatusemi wote wangepona. Lakini ugonjwa ulipewa miezi ya kutembea bila kusimamishwa.

Njia ya hesabu inajulikana. Kituo cha afya kinaandika, ofisi ya zoni ya afya inakusanya na kuingiza kwenye kompyuta, mkoa unasoma, Kinshasa inasoma. Kolera na surua haziwezi kungoja ripoti ya mwezi. Ni za kila juma. Sasa, rejista inapojazwa usiku wa mwisho wa mwezi, kwa kukumbuka-kumbuka, huko juu watasoma nini? Watasoma ndoto.

Kwa wahami ni mbaya zaidi. Nchi yetu haijafanya sensa tangu 1984. Idadi ya watu wa kila zoni ni makadirio, na familia iliyokimbia juzi haimo ndani. Rejista inaweza kuonyesha kwamba kijiji kimepokea watu wengi. Mhami akiandikwa kama mwenyeji, au asipoandikwa kabisa, dawa zitakuja za wenyeji peke yao, na zitakwisha mapema. Halafu wenyeji na wahami watagombana bure.

Wakubwa watatujibu: vita, barabara mbaya, mtandao hakuna. Vita tunaijua. Lakini mama muuza samaki anatuma pesa kwa simu ndogo ya batani. Kolera wangapi, surua wangapi, wafu wangapi: hesabu hizo zinaingia katika ujumbe mmoja mfupi.

Wala tusimtupie muuguzi lawama zote. Wengi hawapati mshahara wa serikali. Mtu mmoja anatibu, anazalisha, tena kila shirika linamletea fomu yake. Mashirika, acheni! Tumieni fomu moja ya serikali, na pesa za semina zinunue rejista na yunite za simu.

Tunadai mambo matatu. Mgonjwa aandikwe siku ileile, pamoja na mahali alikotoka. Hesabu za juma zitumwe kila Jumatatu, hata kwa simu. Na zoni iturudishie hesabu hizo kwa njia ya redio, maana ni za wagonjwa wetu na wafu wetu.

Nanyi wahami, msifiche. Ripoti ya mwezi inapeleka hesabu, si majina. Mtoto akifa ndani ya kibanda, mwambieni mhudumu wa afya wa jamii siku hiyohiyo, ili wa jirani apate kutibiwa.