Tahariri: Mazuku yafundishwe kwa mshumaa, si kwa chaki tu

Magharibi mwa mji wa Goma, kuelekea Sake, kuna mashimo na mabonde ambako mbuzi hukutwa wamekufa asubuhi bila jeraha lolote. Wenyeji huita hewa hiyo mazuku, upepo mbaya. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini katika eneo hili la volkano. Haionekani, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama chini kama maji, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo.

Hatari hiyo huwafikia watoto kwanza. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto aliyeinama kuokota kuni anaanguka. Hata hivyo, katika madarasa mengi gesi hiyo hubaki herufi tu ubaoni, CO2, ambayo mwanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau.

Somo lenyewe halihitaji maabara. Mwalimu achukue sufuria ndefu, asimamishe ndani yake mishumaa miwili, mmoja mfupi na mmoja mrefu, na kuiwasha. Kisha anyunyize chini bikaboneti ya kupikia mandazi na kumimina juu yake maji ya ndimu. Povu litatokea, na mshumaa mfupi utazimika kwanza huku mrefu ukiendelea kuwaka. Mtoto aliyeona hivyo hahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini asishuke shimoni.

Baada ya hapo zifuate kanuni za kuokoa maisha. Mtoto asicheze wala kulala kwenye bonde lenye mazuku. Akiona mwenzake ameanguka humo, asishuke kumvuta, bali akimbie kuita watu wazima. Na jaribio la mshumaa lifanyike darasani tu, kamwe si kwenye shimo lenyewe.

Nchini Kameruni, mwaka 1986, gesi hiyo hiyo ilifumuka kutoka Ziwa Nyos na kuua watu wapatao 1,700. Ziwa Kivu nalo limehifadhi kilindini gesi ya kaboni na methani kwa wingi mkubwa. Watoto wanaokua kandokando yake wana haki ya kujua wanaishi juu ya nini.

Wakuu wa elimu, walimu na wazazi wasingoje mradi wa wafadhili. Ndimu, bikaboneti na mishumaa vinapatikana sokoni.